Magati ya Deptford: wenyeji wanapinga nyumba, au wanapinga hesabu?

Kusini-mashariki mwa London, kwenye eneo la Deptford jirani na Greenwich, kuna kiwanja cha zaidi ya hekta 16 kando ya Mto Thames ambacho sehemu yake kubwa imekaa tupu kwa zaidi ya miaka 20. Kinaitwa Convoys Wharf. Meli za mwisho kufunga hapo zilikuwa zikishusha marobota ya karatasi za kuchapia magazeti. Zilipokoma, geti likafungwa. Tarehe 31 Machi 2014 Boris Johnson, wakati huo Meya wa London, aliidhinisha zijengwe nyumba 3,500, pamoja na minara mitatu, mmoja wao wa ghorofa 48. Faili lilikuwa mikononi mwa halmashauri ya Lewisham, inayosimamia eneo hilo. Mwenye kiwanja, kundi la Hutchison Whampoa la Hong Kong, alilalamika kwamba anacheleweshwa, na Meya akalichukua, jambo ambalo sheria inamruhusu tangu 2008 kwa miradi mikubwa.

Wenyeji walipinga. Mtu wa mbali akisoma habari zao huondoka na picha moja kati ya mbili. Ya kwanza ni kwamba hawa ni watu wanaolilia matofali ya kale wakati jiji halina nyumba za kutosha. Ya pili ni kwamba ni wanyonge wanaonyang'anywa mto na matajiri wa Hong Kong. Zote mbili zina chembe ya ukweli, na zote mbili zinapotosha, kwa sababu zinadhani mgogoro ni mmoja. Iko mitatu: nani atapata nyumba, gati litabaki gati au la, na historia ya nani itasimuliwa pale. Imesukwa pamoja mpaka ukivuta uzi mmoja unavuta na mingine, na kilichoisuka ni utaratibu wenyewe wa kupinga.

Uingereza, mkazi akitaka kupinga mradi huandikia halmashauri, na halmashauri inaruhusiwa kuzipima hoja zinazohusu mipango miji tu. Ukiandika kwamba thamani ya nyumba yako itashuka, haihesabiki. Ukiandika kwamba utakosa mandhari ya mto uliyozoea kuiona dirishani, haihesabiki. Ukiandika kwamba unaogopa mtaa utapanda bei na wanao watahamia mbali, afisa atakuelewa, lakini hana pa kuiweka hofu hiyo. Zinazohesabika ni foleni ya magari, kivuli, urefu wa majengo, nafasi mashuleni, na urithi wa kale. Basi watu wanaandika kuhusu foleni, kivuli na urithi. Kiasi cha nyumba za bei nafuu nacho kinajadiliwa, ila kwa mahesabu ya kitaalamu ambayo kwa miaka mingi mwananchi hakuruhusiwa hata kuyaona. Ndiyo maana ukisoma barua za pingamizi peke yake unaweza kuamini kwamba Deptford nzima ni ya wapenzi wa majengo ya karne ya 16.

Magati yalivyokufa

Magati ya London yaliuawa na kontena. Kati ya 1967, zilipofungwa gudi (mabwawa ya kuegeshea meli) za East India, na 1981, meli za biashara zilipokoma kwenye Royal Docks, bandari iliyokuwa ikiajiri makumi ya maelfu ya makuli ilitelemka mto na kuhamia Tilbury, huku mzigo mwingine ukienda Felixstowe, bandari ya baharini. Meli ya makontena inataka kina kirefu, kreni kubwa na uwanja mpana wa kupanga masanduku. Ghala la ghorofa sita lililobanana na mtaa mwembamba halina msaada kwake.

Maghala yakabaki, na mengine yalikuwa mazuri ajabu. Oliver's Wharf, ghala la chai la mwaka 1870 huko Wapping, liligeuzwa makazi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla watu hawajaona kwamba humo mna pesa. Ng'ambo ya mto, Butler's Wharf ilikamilika 1873 na kufungwa 1972. Wasanii wakaingia kwa kodi ndogo wakitafuta nafasi na mwanga, na miaka ya 1980 waendelezaji wa milki wakafuata nyuma yao. Leo ukipita pale unasoma majina ukutani kama uko sokoni Darajani: jengo la karafuu, jengo la iliki, gati la mdalasini. Hatua chache ng'ambo, kwenye gudi ya St Katharine, limesimama Ivory House, ghala la pembe za ndovu la katikati ya karne ya 19, enzi ambazo Unguja ndiyo iliyokuwa soko kuu la pembe upande wetu wa bara. Sasa ni maduka na fleti. Bidhaa zimebaki kuwa jina la anwani, na anwani hiyo inapandisha bei.

Gudi hiyo ya St Katharine ina kumbukumbu nyingine ambayo wauzaji wa fleti hawaitaji sana. Ili ichimbwe, zilibomolewa nyumba zipatazo 1,250 na kuhamishwa watu kama 11,300, wengi wao wapangaji maskini ambao hawakulipwa kitu. Ilifunguliwa 1828. Kwa hiyo anayedhani kuwafukuza watu kandokando ya Thames ni jambo lililoanza na minara ya vioo, amechelewa kama karne mbili. Waliofukuzwa mara ya kwanza walifukuzwa ili magati yajengwe.

Mwaka 1981 serikali ya Margaret Thatcher iliunda shirika la kuendeleza eneo zima la gudi za zamani, likapewa madaraka ya mipango miji yaliyokuwa ya halmashauri. Shirika hilo lilidumu hadi 1998. Kilichowauma wenyeji hakikuwa ujenzi, maana ajira zilikuwa zimekwisha na walikuwa wakiomba kitu kijengwe. Watu wa Newham waliandaa hadi mpango wao mbadala wa Royal Docks mwaka 1983, wenye kazi, nyumba na malezi ya watoto. Kiliwauma kwamba diwani waliyemchagua hakuwa tena na sauti. Katikati ya miaka hiyo walipanga msafara wa mashua kutoka mashariki hadi mbele ya Bunge. Na mwaka 1986, wakubwa wa benki walipokusanyika kwenye sherehe ya mradi wa Canary Wharf, wenyeji waliwaachia kondoo na nyuki. Nyuki! Watu wenye suti wakitimua mbio kwenye hema. Mradi haukusimama hata siku moja, lakini tukio hilo linasimuliwa mpaka leo kuliko hotuba zote za siku ile.

Deptford ilikuwa upande wa pili wa mto, nje ya mipaka ya shirika hilo, ikitazama yote haya. Hofu iliyokuja kulipuka mwaka 2013, mradi wa Convoys Wharf ulipokuwa ukijadiliwa, ilianza kuota hapo.

Mnara wa Aragon

Jirani kabisa na Convoys Wharf upo mtaa wa nyumba za halmashauri unaoitwa Pepys Estate, uliofunguliwa 1966 kwenye eneo lililokuwa bohari ya vyakula vya jeshi la majini. Ulikuwa na minara mitatu ya ghorofa 24, na wa Aragon ndio uliokaa ukingoni kabisa mwa mto. Mpangaji wa halmashauri aliyebahatika kupewa fleti ya juu aliiona London yote, kwa kodi anayoimudu dereva wa basi.

Mwaka 2002 Lewisham iliuza Aragon kwa kampuni binafsi kwa pauni milioni 11.5. Wapangaji walihamishwa. Mnara ukakarabatiwa, ukaongezewa ghorofa tano juu, na fleti zikaanza kuuzwa. Halmashauri ilikuwa na sababu: haikuwa na fedha za kukarabati mtaa mzima, na mauzo yangesaidia kulipia nyumba nyingine. Kwenye karatasi, hoja hiyo inasimama. Lakini walichokiona waliobaki chini ni kwamba jengo lililohesabiwa chakavu mno kwao, liligeuka kuwa la kifahari pale walipotoka.

Mimi nadhani ukitaka kuelewa pingamizi la Convoys Wharf, jengo hilo lina maelezo mengi kuliko chelezo cha mfalme, karakana ya kale ya kuunda meli iliyokuwa kiwanjani hapo. Michoro ilipoletwa ikionyesha watoto wakikimbia kwenye bustani ya mtoni, waliotazama walikuwa watu walioshaona mnara ukiuzwa na waliomo wakitolewa.

Hesabu yenyewe

Sera ya Lewisham ililenga asilimia 50 ya nyumba mpya ziwe za bei nafuu. Kibali cha Convoys Wharf kilitolewa kwa asilimia 15, yaani kama nyumba 525 kati ya 3,500. Tofauti hiyo inatoka wapi?

Kwanza, "bei nafuu" ni kundi pana. Lina nyumba za kodi ya kijamii, ambazo kodi yake mara nyingi haifiki nusu ya kodi ya soko. Lina pia aina iliyoletwa na serikali mwaka 2011, ambayo kodi yake inaweza kufika asilimia 80 ya soko, na lina nyumba ambazo mtu ananunua sehemu na sehemu nyingine anapanga. Karibu na mto, asilimia 80 ya kodi ya soko ni pesa ambayo muuguzi hana. Mkutano wa wakazi unaweza kupoteza saa nzima kwa sababu upande mmoja unataja nyumba 525 na mwingine unauliza ngapi kati yake ni za kodi ya kijamii, na wote wanatumia neno lile lile.

Pili, na hapa ndipo penye mzizi, sheria inamruhusu mwenye mradi kusema: nikitoa asilimia 50 nitapata hasara, na hakuna kitakachojengwa. Anathibitisha kwa ripoti ya hesabu. Tuchukue tarakimu za kubuni. Nyumba zote zitauzwa kwa pauni milioni 100. Faida inayokubalika kwa mjenzi, kwa miongozo ya serikali, ni kati ya asilimia 15 na 20 ya mauzo, tuseme milioni 20. Ujenzi, wasanifu na riba ya benki ni milioni 60. Imebaki 20. Hiyo ndiyo inayogawanywa kati ya bei ya ardhi na manufaa ya umma: nyumba nafuu, shule, njia ya waenda kwa miguu. Ripoti ikisema ardhi ina thamani ya milioni 15, umma unabaki na 5. Ikisema ardhi ni milioni 8, umma unabaki na 12. Hakuna aliyebadilisha tofali hata moja.

Basi thamani ya ardhi inapimwaje? Kwa muda mrefu wataalamu walikubali kuitazama bei ya soko, yaani bei ambayo wanunuzi wengine walitoa kwa viwanja vya aina hiyo. Lakini wanunuzi hao walitoa bei kubwa wakitegemea kwamba wataruhusiwa kujenga nyumba nafuu chache. Ni sawa na kumnunua ng'ombe kwa bei ya maziwa yote atakayotoa, kisha ukawaambia wa nyumbani kwamba kwa bei uliyolipa, hakuna maziwa ya kuwagawia. Mwaka 2018, katika kesi ya kiwanja cha Parkhurst Road huko Islington, Mahakama Kuu ilisimama upande wa halmashauri dhidi ya mwendelezaji aliyejenga hoja kwa njia hiyo, na jaji akaenda mbali zaidi kwa kutaka miongozo ya wathamini iangaliwe upya.

Wakati wa Convoys Wharf uamuzi huo haukuwapo, na ripoti za hesabu zilichukuliwa kuwa siri za biashara. Diwani aliweza kupewa muhtasari, mkazi hakupewa kitu. Mlango ulianza kufunguka pale pale jirani: mwanzoni mwa 2015 baraza la rufaa la haki ya kupata habari liliiamuru halmashauri ya Greenwich itoe ripoti ya mradi mkubwa wa Greenwich Peninsula, baada ya mkazi mmoja kuishupalia. Kuanzia 2018 miongozo ya taifa inataka ripoti hizo ziwe wazi. Meya Sadiq Khan naye, tangu 2017, aliweka kizingiti: ukitoa asilimia 35 kwenye ardhi binafsi, hesabu zako hazichunguzwi na unapita njia ya haraka.

Sasa mweke mkazi wa 2013 katika hali ile. Sera inasema 50, mradi unasema 15, na karatasi inayoeleza kwa nini imefungwa kabatini. Hoja yake kubwa kuliko zote hana namna ya kuijenga. Amebakiwa na urithi, na kwa bahati ya Deptford, urithi ulikuwepo wa kutosha.

Chelezo cha mfalme na bustani ya Evelyn

Henry VIII alianzisha chelezo cha kifalme hapo mwaka 1513. Mwaka 1581 baharia Francis Drake alipewa cheo cha heshima cha Sir na Malkia Elizabeth I akiwa juu ya meli yake iliyokuwa Deptford. James Cook alipojiandaa kwenda Pasifiki mwaka 1768, meli yake ilifanyiwa matengenezo hapo. Ubavuni mwa chelezo palikuwa na Sayes Court, nyumba ya John Evelyn, mwandishi na mpenda miti, aliyeifanya bustani yake izungumzwe Ulaya nzima. Aliipangisha kwa ofisa wa jeshi la majini, na mwaka 1698 mgeni aliyefikia humo alikuwa Peter Mkuu, tsari (mtawala) wa Urusi aliyekuja kujifunza uundaji wa meli. Mgeni yule na watu wake waliharibu samani, na inasimuliwa kwamba walishindana kusukumana kwa toroli hadi wakaupasua ua wa miti ambao Evelyn aliupenda kama mwanawe. Serikali ililipa fidia.

Chelezo kilifungwa 1869. Miaka miwili baadaye eneo likawa soko la ng'ombe waliotoka ng'ambo, mpaka 1913, kisha bohari ya jeshi, kisha karatasi. Juu ya ardhi limebaki jengo moja kubwa, Olympia, paa la chuma la miaka ya 1840 lililojengwa kufunika meli zikiundwa. Chini ya zege, wanaakiolojia walipochimba kati ya 2010 na 2012 walikuta msingi wa bohari ya mwaka ule ule wa 1513, kuta za gudi, na mabaki ya nyumba ya Evelyn.

Wapo wenyeji waliokuja na miradi. Kundi moja lilitaka kuunda upya Lenox, manowari ya mbao iliyoundwa hapo hapo 1678, na kufundisha vijana useremala na ufundi wa meli humo humo. Kundi jingine lilitaka bustani ya Sayes Court irudishwe kwa namna ya kisasa. Mwaka 2013 shirika la kimataifa la World Monuments Fund liliviingiza chelezo na bustani katika orodha yake ya maeneo yaliyo hatarini. Hawa hawakusema msijenge. Walisema jengeni, ila michoro ianzie kwenye kilichomo ardhini, isije ardhi ikafunikwa na michoro ambayo ingefaa mji wowote wenye mto. Johnson alipotoa kibali aliwataja, na masharti yakahusisha upembuzi yakinifu wa Lenox. Upembuzi si meli, lakini bila kelele zao hata huo usingekuwepo.

Ila historia hii ina upande ambao kwa muda mrefu haukuwekwa kwenye vipeperushi vya upande wowote. John Hawkins, aliyeongoza safari za kwanza za Waingereza za kusafirisha watumwa kutoka Afrika Magharibi miaka ya 1560, baadaye alikuwa mhazini wa jeshi la majini, na chelezo cha Deptford kilikuwa chini ya shughuli zake. Desemba 1762, Olaudah Equiano, Mwafrika aliyekuwa mtumwa, alifika Deptford kwa meli ya kivita akiamini kwamba utumishi wake vitani umempatia uhuru. Bwana wake alimlazimisha kuingia mashuani siku hiyo hiyo, akampeleka kwa nahodha wa meli ya kwenda West Indies, akamuuza. Kwenye mtaa ambao leo una wakazi wengi wenye asili ya Karibi na Afrika Magharibi, kusimulia chelezo kwa Drake na tsari peke yake ni kusimulia nusu. Miaka ya karibuni wakazi wamelidai hilo waziwazi: wakisema urithi, wanataka na huo.

Kuna kisa kidogo kinachoonyesha kwamba urithi si hoja ya kuazima tu. Mwanzoni mwa barabara ya soko ya Deptford palikuwa na nanga kubwa ya chuma. Mwaka 2013 iliondolewa katika mpango wa kupendezesha barabara, na sababu iliyozungumzwa sana ni walevi waliokuwa wakiizunguka. Wenyeji walifanya kampeni, wenye maduka wakabandika mabango madirishani. Nanga haina uhusiano na kodi wala ghorofa, hakuna aliyefaidika kwa pesa kuirudisha. Mwaka 2018 ilirudi.

Na gati je?

Hili ndilo linalosahaulika zaidi, hata na wanaopinga. Thames bado inafanya kazi. Mchanga, kokoto, saruji na sukari vinaingia London kwa maji, na udongo na taka vinatoka. Tishari moja la tani 1,000 linabeba mzigo wa malori 50 ya tani 20. Ukiligeuza gati kuwa fleti, malori hayo yanaingia barabarani, na gati likishajengewa nyumba halirudi tena.

Ndiyo maana tangu 1997 serikali imeorodhesha magati yanayolindwa, ambayo hayaruhusiwi kubadilishwa matumizi bila kupitia ngazi za juu. Convoys Wharf iliingizwa mwaka 2000, na mradi ulilazimika kubakiza sehemu ya ukingo kwa kazi za mto. Hapo unaanza mgongano wa aina yake: fleti ya mamilioni juu, tishari la kokoto chini. Tishari linafuata maji kujaa, na maji hayajui saa ya kulala. Mtu aliyenunua fleti kwa sababu ya mto hupiga simu halmashauri kulalamikia kelele za mto. Miongozo ya taifa ya mipango miji ya 2018 ilileta kanuni kwamba anayekuja baadaye ndiye anayewajibika kujikinga: mjenzi wa fleti aweke vioo vizito na apange vyumba vya kulala upande mwingine, gati lisilazimishwe kunyamaza.

Kwamba ulinzi huo una meno kunathibitishwa na Peruvian Wharf, huko Silvertown. Mwenye ardhi alitaka nyumba, mamlaka ya bandari ya London ikakataa, na baada ya mvutano wa miaka mingi mamlaka ililipata gati hilo mwaka 2016 na kulirudisha kwenye kazi ya kokoto na mchanga. Kwenye mikutano ya wakazi, gati la kokoto halina mvuto wa manowari ya 1678. Hakuna anayebandika bango la saruji dirishani. Lakini ukiniuliza ni sehemu gani ya magati haya inayostahili ugomvi mkali zaidi, nitakuambia hiyo.

Na kejeli yenyewe iko kwa mwenye kiwanja. Convoys Wharf ilinunuliwa katikati ya miaka ya 2000 na kundi la Hutchison Whampoa la Hong Kong, ambalo kitengo chake cha bandari ndicho kilichokuwa kikimiliki Felixstowe, wakati huo bandari kubwa kuliko zote za makontena Uingereza, moja ya zile zilizoyanyang'anya magati ya London kazi. Msomaji wa Dar es Salaam anawafahamu kwa mlango mwingine: kampuni ya TICTS, iliyoendesha kitengo cha makontena bandarini hadi mwisho wa 2022, ilikuwa ya kundi hilo. Sidhani kuna njama hapa. Ni mtaji tu unaokwenda panapolipa: meli zinapolipa kina kirefu, unaenda kwenye kina, ardhi ya ukingo inapolipa fleti, unajenga fleti.

Wanaotaka mradi uende

Deptford haina sauti moja. Lewisham ina maelfu ya familia kwenye orodha ya kusubiri nyumba, nyingine zikiishi kwenye makazi ya muda, na kwa mama mwenye watoto wawili katika chumba kimoja, nyumba 525 si kidogo na miaka kumi ya mabishano si ya bure. Wafanyabiashara wa soko wanataka wateja. Vijana wengine wamechoshwa na ukuta mrefu usio na kitu nyuma yake.

Wapo pia wapingaji ambao hawasemwi sana kwa sababu wana adabu na wanaandika barua nzuri: waliokuja miaka ya nyuma kwenye maghala yaliyogeuzwa makazi, wakanunua mapema, na sasa wanatetea tabia ya mtaa dhidi ya wanaowafuata. Hoja zao za urithi mara nyingi ni sahihi, na ni wao wanaojua kuziandika kwa lugha ambayo afisa mipango anaipokea. Mpangaji wa Pepys Estate hupiga makofi mkutanoni akiwasikia, ila shida yake na shida yao hazifanani, na mradi ukipunguzwa ghorofa tano ili mandhari ya Greenwich isizibwe, yeye hapati kitu. Pengine hata nyumba nafuu zitapungua.

Kibali cha 2014 kilikuwa cha jumla. Kila kipande kinarudi Lewisham kwa undani wake, na mwaka 2020 kamati ilipitisha majengo ya kwanza huku wenyeji wakiendelea kudai yale yale. Wakati huo huo upepo wa jiji umegeuka. Ujenzi umedorora London nzima, na Oktoba 2025 serikali na Meya Khan walitangaza mpango wa muda wa kushusha kizingiti cha njia ya haraka kutoka asilimia 35 hadi 20. Convoys Wharf ina kibali chake cha zamani. Watakaokutana na tarakimu hiyo mpya ni majirani wa viwanja ambavyo bado havijaombewa kibali, kuanzia Deptford kushuka mto hadi Charlton na Thamesmead.